Mpira wangu wa bolingi una upande mzito, ndio maana haukati? Nitoboe tundu la nne?

KijanaMkunazini

Assalam alaykum wana Unguja na Pemba, mulioko nyumbani na mulioko nje. N'na suali linanikaa kichwani miezi sasa.

Mie nilikuwa Muscat miaka minne kikazi na huko ndiko nilikojifunza bolingi, ule mchezo wa kubiringisha mpira mzito kwenye leni, yaani njia ndefu nyembamba, uangushe pini kumi zilizosimama mwisho wake, kila Alkhamis usiku tunakwenda watu sita tunakodi leni mbili. Mwanzo nilikuwa natumia mipira ya pale pale ukumbini, ile ya plastiki, inakwenda moja kwa moja tu. Mwaka jana nikanunua wangu mwenyewe, wa mkono wa pili, ratili 14, ganda la resini, na kiini chake kwenye picha ya sanduku kina umbo kama globu ya taa. Vidole vyangu vikaingia vizuri, nikaona nimepata mali.

Sasa tatizo. Mie natumia mkono wa kulia. Mpira wa namna hii nautupa uelekee kulia, uteleze na mafuta yanayotiwa kwenye leni mpaka mbele, halafu ukate kushoto uingie baina ya pini ya 1, ile ya mbele kabisa, na ya 3 iliyo nyuma yake kulia. Ya wenzangu inafanya hivyo. Wangu unakwenda, unakwenda, ukikaribia pini ndio unaanza kugeuka kidogo, kama mtu alieitwa akageuza shingo tu, na saa hiyo ushachelewa, unaigonga pini ya 3 pembeni au unapita kabisa. Nimebadilisha pa kusimama, nimebadilisha mkono ninavyoufungua, wapi.

Mwenzetu mmoja akauzungusha juu ya taulo akasema huu una upande mzito, balansi mbovu, peleka kwa fundi akutobolee tundu la nne ubavuni, zaidi ya yale matatu ya vidole, atoe uzito. Fundi mmoja wa huko huko nae akasema anaweza. Nikasita. Sasa mkataba umekwisha, nipo nyumbani nasubiri viza nyengine, mpira uko chini ya kitanda na mama kila akifagia ananiuliza hilo jiwe la nini.

Naomba anaejua anifahamishe, huo upande mzito unafanya nini khasa mpira ukiwa njiani? Nitoboe au nisitoboe? Na je naweza kuupima hapa nyumbani bila ya mashine?

FundiKeekee

Waalaykum salaam kijana. Usitoboe tundu lolote mpaka umalize kusoma hapa.

Mie nimefanya kazi ya kutoboa mipira hiyo Dubai miaka tisa kabla sijarudi Fuoni, na hilo tundu la nne nimelitoboa mara nyingi wakati lilipokuwa halali. Sasa si halali. USBC, yaani chama cha bolingi cha Marekani ambacho kanuni zake ligi nyingi zinazifuata, tokea tarehe 1 Agosti 2020 wamelipiga marufuku, kila tundu lilioko kwenye mpira lazima liwe la kushikia, kidole kiingie wakati unatupa. Kabla ya hapo kanuni ya mipira ya zaidi ya ratili 10 ilikuwa hivi, juu na chini zisipishane zaidi ya wakia 3, kulia na kushoto wakia 1, upande wa dole gumba na upande wa vidole wakia 1. Ukizidi, unatoboa ubavuni unapunguza. Walipoliondoa tundu wakalegeza na mipaka, sasa ni wakia 3 upande wowote. Wamelegeza kwa sababu kwa mipira ya siku hizi uzito huo wa upande, mpira ukiwa umetulia kwenye mizani, ni kitu kidogo sana mbele ya vitu vyengine viwili, ganda na kiini.

Ganda kwanza. Umecheza keram barazani? Unajua poda inavyofanya, ubao ukiwa na poda kete inateleza, poda ikipungua kete inakwama. Leni ni hivyo hivyo. Urefu wake kutoka msitari wa kutupia mpaka pini ya 1 ni futi 60, na ukumbi wa kawaida unatiwa mafuta kama futi 40 za mwanzo, zilizobaki ni kavu. Mpira unateleza kwenye mafuta, ukifika pakavu unashika, hapo ndipo unapokata, halafu unaanza kubiringika wenyewe mpaka kwenye pini. Kuteleza, kukata, kubiringika. Mpira wako unateleza mpaka mwisho, nafasi ya kukata hauipati. Ganda la resini lina vinyweleo linanyonya mafuta, na kila ukicheza linang'ara, likishang'ara na kushiba mafuta linakuwa sawa na plastiki. Uliuliza umechezwa michezo mingapi kabla hujaununua? Na wewe mwaka mzima umewahi kuupiga msasa?

Kiini nakuja nacho, lakini kwanza nijibu haya. Mpira ukirudi kutoka kwenye pini unaona pete za mafuta juu yake, sivyo? Zako zimetawanyika au zimelaliana pamoja? Na kile kitone cha rangi, kile kilichotiwa kiwandani kuonyesha kichwa cha kiini kiko wapi, kiko upande gani wa matundu yako na mbali kiasi gani?

VespaNgambo

Mie sichezi hiyo bolingi lakini hapo kwenye uzito sikubaliani. Mie nnatengeneza vespa na pikipiki hapa Ng'ambo, tairi likiwa na upande mzito hata gramu chache ukifika spidi usukani unatetemeka mikononi. Mpaka tugande vipande vya risasi kwenye ringi ndio linatulia. Sasa jiwe la kilo sita litakosaje kuvutwa upande mmoja kama lina upande mzito? Nauliza kwa kutaka kujua.

MwalimuWaTemeke_sasaMwera

Suali la VespaNgambo ni zuri na nalipenda kwa sababu jibu limo ndani ya tairi lako mwenyewe. Tairi lenye upande mzito linatetemeka, linaruka juu linashuka chini. Kwa nini haliivuti vespa upande mmoja tu? Kwa sababu linazunguka. Saa hii upande mzito uko mbele, kidogo uko juu, kidogo uko nyuma. Mpira wa bolingi nao unazunguka njia nzima. Unachukua kama sekunde mbili na nusu kufika na ndani ya sekunde hizo unazunguka mara kumi na kitu au zaidi, upande mzito ukivuta kushoto mara moja, mzunguko unaofuata ushageuka kulia, vinafutana. Usiofutika ni ule uzito uliokaa kwenye mhimili wenyewe, mahali ambapo mpira unazungukia, pale upande mzito haubadiliki unakaa kushoto au kulia muda wote. Huo una athari, ila tazama ukubwa wake. Ratili 14 ni wakia 224. Upishano wa wakia 3, ambao ndio mwisho wa kanuni, ni kama asilimia moja na nukta ya uzito wote, kitovu cha uzito kinasogea kama milimita moja hivi ndani ya kitu chenye kipenyo cha inchi 8 na nusu. Msuguano wa ganda na leni kavu ni nguvu kubwa zaidi kuliko hiyo.

Sasa kiini. Hapa watu wanachanganya mambo mawili kwa neno moja la balansi. Kuna balansi ya mizani, mpira umekaa, upande gani mzito. Na kuna namna uzito ulivyopangwa ndani mpira ukiwa unazunguka. Ya pili ndiyo kubwa.

Chukua majahazi mawili, mzigo sawa sawa kwa kilo, moja farumi yote imekusanywa katikati, jengine umepakia omoni na tezini. Nahodha atakwambia lile la katikati linageuka upesi, hili jengine zito kugeuka lakini likishaanza kugeuka nalo ni zito kulizuia. Mipira miwili ya ratili 14 inapishana hivyo hivyo. Wenye uzito karibu na moyo unaanza kuzunguka mapema, kwa hiyo unaacha kuteleza mapema. Wenye uzito karibu na ganda unachelewa, unateleza mbali zaidi. Kipimo chake, yaani uzito umekaa mbali kiasi gani na mhimili, kwenye kanuni za USBC kinahesabiwa kwa inchi, kisipungue 2.46 na kisizidi 2.80. Kwenye mizani mipira yote miwili inasoma sawa, mtu hawezi kuijua kwa kuizungusha juu ya taulo.

Halafu kuna pia. Mtoto akiirusha pia imelala upande utaona kichwa chake kinayumba kwa duara kabla hakijatulia. Kiini cha umbo la globu si cha duara, kwa hiyo kina mhimili mwengine kinachopenda kuuzungukia. Wewe unauzungusha kwa mkono wako kwenye mhimili wako, kiini kinataka wake, matokeo yake mhimili unahama hama kila mzunguko. Ndio pete za mafuta zinatawanyika, kila mzunguko ganda linagusa leni kwa sehemu mpya isiyo na mafuta. Tofauti ya kipimo kile cha inchi baina ya mhimili mmoja wa mpira na mwengine nayo ina mpaka, mwisho wake ni 0.060 ya inchi. Inaonekana ndogo lakini ndiyo inayofanya mpira mmoja ukate kama kisu na mwengine upite tu.

KijanaMkunazini

Mwalimu shukran sana, hapo kwenye jahazi nimefahamu, babu yangu alikuwa baharia.

Ami Fundi, nakujibu. Pete za mafuta kwenye picha za simu nilizozipiga Muscat zimelaliana, ni mkanda mmoja mnene kama upana wa kidole. Nilifikiri ndio uzuri huo kwamba mpira hauyumbi! Ganda linang'ara, natazama uso wangu ndani yake. Msasa sijawahi hata siku moja, hakuna alieniambia. Kitone cha rangi kiko upande wa kushoto wa matundu ya vidole, chini kidogo, karibu na dole gumba kuliko nilivyoona kwenye mipira ya wenzangu.

FundiKeekee

Basi hapo ushajijibu nusu. Pete kulaliana maana yake kila mzunguko mpira unakanyaga mafuta yale yale uliyoyabeba mzunguko uliopita. Kiini hakifanyi kazi.

Sasa sikiliza, hii ndio sehemu ambayo watu wanaonunua mipira ya mkono wa pili hawaambiwi. Kila mtu ana mhimili wake, mahali kwenye mpira panapobaki pametulia wakati mengine yote yanazunguka, kama ncha ya pia. Kwa mkono wa kulia mara nyingi uko kulia kwa matundu, kama inchi 5 kutoka katikati ya mshiko. Fundi akitoboa anapima umbali kutoka mhimili wako mpaka kile kitone. Kikiwa inchi 3 na sehemu 3 za 8 hivi, kiini kinayumba kiasi chote kinachoweza na mpira unakata sana. Kikikaa juu ya mhimili wenyewe, au kikiwa mbali inchi 6 na robo tatu ambayo ni robo ya mzunguko wa mpira, kiini kinatulia na pete hazitawanyiki. Alietobolewa mpira wako pengine alitaka hivyo, ana mkono wenye nguvu, alitaka mpira uende moja kwa moja apige spea, yaani aangushe pini zilizobaki baada ya mpira wa kwanza. Au mhimili wake haukuwa wako. Vidole kuingia vizuri haina maana kiini kimekaa vizuri kwako.

Pima hivi. Ganda limechezwa mwaka mzima na wewe kwa hiyo mikwaruzo yako ipo, lipake unga kidogo utaiona inafanya duara. Kamata uzi, tafuta nukta upande wa kulia wa mpira ambayo uzi ule ule bila ya kurefusha wala kufupisha unafika kila mahali kwenye duara lile. Nukta hiyo ndio mhimili wako. Tia alama ya chaki. Halafu chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka chaki mpaka kitone, ifuate mgongo wa mpira. Niletee inchi.

KijanaMkunazini

Nimemchukulia mama futi yake. Nimepima mara nne. Mara tatu imekuja inchi 6 na nusu, mara moja 6 na robo.

FundiKeekee

Ndio hapo. Kiini kimelala usingizi. Tundu la nne silo dawa yake.

ChumviWete

Yakhe KijanaMkunazini, mie nipo Wete na sisi familia yetu tuna majaruba ya chumvi. Umeuliza kupima upande mzito bila ya mashine na hapo hakuna aliekujibu, jawabu lipo kwetu. Kitu chenye upande mzito ukikitia ndani ya maji kikielea, upande mzito unageuka chini wenyewe. Kazi ni kupata maji ya kukieleza. Mwalimu nihesabie, hilo tufe la ratili 14 litaelea maji gani?

MwalimuWaTemeke_sasaMwera

Ratili 14 ni kilo 6.35. Ujazo wa mpira wenyewe ni kama lita 5.3 mpaka 5.4 kwa sababu mipira yote ina ukubwa unaokaribiana, uzito tu ndio unapishana. Kwa hiyo kila lita yake ina uzito wa kama kilo 1.18 au 1.2 kasoro. Maji baridi ni kilo 1, bahari ni 1.02 na kidogo, zote utazama. Mpira wa ratili 11 ungeelea hata ndani ya tangi la mvua, wa 12 unazama ndani ya maji baridi na baharini unakuwa baina ya kuelea na kuzama. Wako unataka maji ambayo chumvi inakaribia kuganda, hayo yanafika 1.2 na zaidi kidogo. ChumviWete maji ya jaruba lako la mwisho yatautoa kichwa nje, si sana lakini utatoka. Mtu mwenye ratili 15 au 16 asijisumbue, chumvi ya kula haitoshi.

Jambo moja muhimu, matundu ya vidole yazibwe kwa selotepu nzuri maji yasiingie. Yakiingia, maji yale makali uzito wake unakaribia uzito wa ganda lililotolewa, kwa hiyo utakuwa unapima mpira kama haujatobolewa, na jibu litakuwa la uongo.

ChumviWete

Hayo maji yapo tele. Jaruba la mwisho halina kina, shibiri haifiki, basi tutachota tujaze pipa. Panda boti uje yakhe, utalala kwetu.

KijanaMkunazini

Nimerudi jana kutoka Pemba, ami zangu na ndugu zangu, nataka niseme yote.

Mpira nimeupakata mapajani kwenye boti mpaka Pemba, kisha gari la shamba mpaka Wete. ChumviWete na kaka zake wamenipokea kama ndugu waliozaliwa nae, Mungu awalipe. Tulijaza pipa maji ya jaruba ambalo chumvi ishaanza kufanya ukoko juu, tukaziba matundu kwa selotepu ya fundi umeme, tukauweka taratibu. Kwanza tulijaribu kwenye ndoo ya maji ya bahari, ukaenda chini moja kwa moja. Kwenye pipa la chumvi ukaelea! Umetoka nje kidogo tu kama upara wa mtu anaeoga, watoto wa kijiji wote wakaja kutazama jiwe linaloelea.

Ukageuka polepole sana, unakwenda unarudi kama dakika nzima ndio ukatulia. Nikatia chaki juu kabisa, nikautoa nikaupangusa nikaurudisha nimeugeuza vyengine. Mara tano tumefanya, mara zote tano chaki imerudi juu pale pale au karibu yake. Kwa hiyo upande mzito upo, ni kweli yule mwenzetu wa Muscat hakusema uongo, uko baina ya kitone na dole gumba. Lakini jinsi ulivyokuwa unageuka kwa uvivu nikamuuliza ChumviWete akasema kama ungekuwa mzito sana ungejigeuza kwa nguvu mara moja.

MwalimuWaTemeke_sasaMwera

Sawa kabisa alivyosema. Maji yanasukuma juu kupitia katikati ya mpira, uzito unavuta kwenye kitovu chake, vikiwa mbali mbali mpira unajigeuza upesi, vikiwa karibu unajivuta. Dakika nzima kwa mpira wa kilo sita ni upishano mdogo. Uoshe kwa maji baridi chumvi isikauke ndani ya matundu.

FundiKeekee

Maa shaa Allah, kipimo kimefanywa vizuri kuliko maduka mengine nnayoyajua. Sasa upande wa matengenezo, fanya kwa mpango huu kwa sababu wa kwanza hauna gharama.

Ukiwa bado nyumbani toa mafuta ndani ya ganda. Ziba matundu, uweke ndani ya ndoo ya maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa mkono, tia sabuni ya vyombo kidogo, robo saa, utaona mafuta yanaelea juu. Pangusa, rudia mpaka yaishe. Usitumie maji yanayochemka na usiuanike juani kwenye bati wala kuuacha ndani ya gari, ganda likipata joto la ghafla linapasuka, mie nimeona mipira ya bei kubwa imepasuka hivyo.

Halafu msasa. Duara zile za sponji zinazotumika na maji, anza namba 1000, piga pande zote sawa, pande sita ugeuze geuze, malizia 2000. Ung'aro utaondoka, utaona kama kioo kimeingia ukungu, ndio tunayotaka. Hapo peke yake utaona tofauti leni ile ile.

Ukirudi Muscat cheza wiki mbili hivyo kwanza. Kama bado unachelewa, mwambie fundi azibe matundu yote ya zamani kwa resini ya kumimina na atoboe upya, kitone kikae inchi 4 hivi kutoka mhimili wako, si 3 na kitu, wewe mwanafunzi bado utashindwa kuudhibiti. Mwambie akupimie mhimili wako kwanza ukiwa unatupa, asikisie. Na asipokuwa na hamu ya kukupima, nenda kwa mwengine.

VespaNgambo

Nimesoma yote. Hizo duara za sponji za 1000 na 2000 ninazo hapa gereji, tunasugulia rangi za gari. KijanaMkunazini pita baada ya Alaasiri uchukue.

KijanaMkunazini

Kaka VespaNgambo nakuja leo leo. Maji ya moto nshabandika jikoni.